Ukuta wa Pili

Nimechoka na rangi ya kahawia. Nasema hivi mimi ambaye kwa zaidi ya miaka kumi nimeipaka kwenye mbao, kwenye magunia, na kwenye marekani niliyoipigilia kwenye fremu za mkaratusi. Watu wachache wanaonijua kama mchoraji wananijua kwa rangi hiyo. Wengine wote wananijua kama mwalimu wa shule ya msingi huku Runazi, yule mama anayechora mambo yasiyoeleweka.

Hawakosei. Picha zangu hazina mtu, hazina mti, hazina twiga. Zina miduara ndani ya miraba, nusu duara zilizopeana mgongo, na kidoa katikati. Siku moja nilikuwa naanika picha nje ya nyumba ya mwalimu, mwalimu mkuu akapita, akaikazia macho kwa adabu, akaniuliza kama ni kitambaa cha kochi. Nikamwambia ndiyo, amekaribia sana. Akacheka, akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Picha zangu zote zimetoka kwenye ukuta mmoja wa sebule ya wazazi wangu, Mugoma, wilaya ya Ngara. Baba alikuwa fundi mwashi, alijenga parokiani pamoja na mafundi wengine. Katika miaka ile ya redio kubwa za mbao na makochi ya miguu myembamba, aliitwa kurekebisha dirisha kwenye chumba cha wageni cha mapadre, akakuta mapazia mapya. Mama amenisimulia habari za mapazia hayo mpaka nikawa kama niliyaona mwenyewe: miduara mikubwa kiasi cha sahani, mmoja ndani ya mwingine, imepangwa safu kwa safu kama matofali. Baba alirudi nyumbani siku hiyo hakutaka kula. Alichukua kipande cha tyubu ya lori, akakata umbo la mduara kwa wembe, akachana sponji ya godoro, na kwa wiki mbili, kila alipotoka kazini, akagonga miduara yake ukutani, kuanzia usawa wa kiuno mpaka karibu na dari.

Aliupaka ukuta mmoja tu, ule unaotazamana na mlango. Mbele yake akasimamisha kabati la vyombo, akalipigilia kwa misumari ya inchi sita ili watoto wasije wakaliangusha. Ukuta wa pili, wa mkabala, aliuahidi. Alisema ataupaka Noeli. Noeli zikapita, akajenga nyumba za watu, akafa mimi nikiwa darasa la nne. Ukuta wa pili ukabaki na chokaa yake.

Mimi ni kitindamimba. Niliukuta ukuta ule tayari, na nilioujua mimi ulikuwa wa kahawia, kahawia ya chai ya rangi iliyochemka sana, na miduara yake ya rangi ya unga wa muhogo, na vidoa vya rangi ya embe bivu. Chini yake sakafu nyekundu ambayo tuliisugua kwa polishi kila Jumamosi mpaka magoti yakawa mekundu pia. Juu ya makochi vitambaa vyeupe alivyovifuma mama, navyo vina miduara, kwa sababu mama alifuma kwa kuangalia ukuta. Nilipougua malaria nililazwa kwenye kochi refu, nikahesabu miduara mpaka nikalala. Nilipoanza kuchora nikiwa mtu mzima, mkono wenyewe ulikwenda huko.

Ukuta huo haukuwahi kuoshwa. Baba alipofariki mama alitukataza kuugusa kwa maji wala kwa kitambaa, akisema ni kazi ya mkono wake na hatafufuka kuja kuirekebisha. Tulitii. Koroboi ikawaka pale miaka na miaka, kisha taa ya chemli, kisha umeme ukaja, na ukuta tukaupita kwa pembeni kama unavyompita mgonjwa aliyelala.

Miaka mitano iliyopita mama aliniambia anataka ukuta wa pili upakwe. Nilikuwa nimekwenda likizo. Alikuwa ametoka hospitali, ameambiwa ana presha ya macho, na kwamba yatafifia kidogo kidogo na hayatarudi. Hakulia. Alikaa kwenye kochi lake, akageuza kichwa polepole kutoka ukuta wa baba kwenda kwenye ule wa chokaa. Mama na mimi huongea Kihangaza, na maneno yake nikiyaweka kwa Kiswahili yanapungua chumvi, lakini alisema hivi: "Wewe ndiye uliyerithi mkono wake. Nipakie na ule, nione sebule yangu imekamilika kabla sijazimika macho."

Nilifurahi, nakiri. Nilijiona nimeitwa kwa kazi niliyozaliwa nayo. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimealikwa kupeleka picha sita kwenye maonyesho Mwanza, na kwenye daftari la wageni mtu nisiyemjua aliandika kwamba kahawia yangu ina joto la nyumbani. Sentensi hiyo niliinakili kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati langu la nguo. Mtu aliyefundisha watoto tisini kwa chumba huku akipaka picha ambazo majirani wanaziita vitambaa anahitaji sentensi kama hiyo. Basi nikakata umbo jipya kwenye tyubu, nikanunua rangi ya mafuta, nikachanganya nyekundu na nyeusi na njano, nikajaribu kwenye kona ya ukuta wa pili, mraba mmoja tu.

Mama akasogea, akauinamia karibu, pua ikagusa ukuta.

"Siyo hiyo," akasema.

Nikamwambia nimelinganisha, nimeweka kibao cha rangi sambamba na ukuta wa baba mchana kweupe, na hakuna tofauti. Akaniambia baba alipaka buluu. Buluu nyepesi, ya baridi, na miduara myeupe, na vidoa vya njano. Alisema aliishika ndoo ya rangi yeye mwenyewe akiwa na mimba ya kaka yangu wa pili, na harufu yake ilimtapisha.

Nikautazama ukuta. Kahawia. Nikamtazama mama na macho yake yale yaliyoanza kuwa na ukungu. Daktari alikuwa ameniita pembeni akanieleza kwamba baadhi ya wagonjwa hawa rangi huwachanganya, na buluu ndiyo hasa huleta shida. Nikamshika mkono, nikasema kwa sauti ile ya upole tunayoitumia kwa wagonjwa na watoto, ambayo nikiikumbuka leo natamani nijipige kibao:

"Mama, daktari alisema rangi zitakuchanganya."

Akarudi kwenye kochi.

Niliwapigia simu kaka zangu. Mmoja yuko Kahama, alisema hakumbuki, si ilikuwa rangi ya chai? Mwingine alisema yeye ukuta huo alikuwa akiuona mama anapompiga tu, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kuchunguza. Ukuta ulipopakwa mmoja alikuwa mdogo mno, mwingine bado yumo tumboni. Mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye baada ya kufiwa na mumewe alihamia pale kumtunza dada yake, alisema yeye amekuta kahawia. Basi, kwa hesabu yangu, tukawa wanne wa kahawia dhidi ya mmoja wa buluu, na huyo mmoja anapofuka.

Likizo iliyofuata nikajaribu tena. Nilidhani labda kahawia yangu ni nzito, nikaongeza maziwa kidogo, kama tunavyoiita nyeupe sisi wachanganya rangi. Siyo hiyo. Nikaipunguzia wekundu. Siyo hiyo. Ukuta wa pili ukawa na miraba mitatu ya kahawia kwenye kona, kisha mitano, kisha saba. Kutoka Runazi mpaka Mugoma ni kubadili gari Lusahunga, kusubiri, kubadili tena Ngara mjini, kisha bodaboda na ndoo za rangi mapajani. Nilikuwa nafika nimechoka, naondoka nimechoka zaidi, na katikati yake mwanamke mzee ananiambia kwa utulivu kwamba sioni.

Siku moja nilipandisha hasira. Nikamuuliza anataka nimpakie ukuta upi, ulioko pale au ulioko kichwani mwake. Mama mdogo aliweka chini sinia ya maharage aliyokuwa akichambua, akatoka nje. Mama alijibu kwamba anataka ule wa mume wake.

Hapo ndipo penye kosa langu, na nimeligeuza mara nyingi usiku na mchana. Ningeweza kumpakia buluu. Hata kama ningeamini anakosea, ingenipunguzia nini? Ndoo mbili za rangi na siku nne za kazi, mama angekaa kwenye kochi lake akaona anachokitaka. Lakini mimi nilikuwa nimeshaijenga kahawia ile ikawa jina langu. Nikikubali buluu, hizo picha sita za Mwanza zinakuwa nini? Nikajiambia kwamba mchoraji hadanganyi macho. Nilijiambia maneno makubwa kama hayo, mimi ambaye darasani huandika ubaoni kila mwaka kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, watoto wakainakili kwa mwandiko mzuri.

Nikaanza kutokwenda. Kulikuwa na mitihani ya darasa la saba, kulikuwa na semina, goti lilikuwa linauma. Yote yalikuwa kweli. Mama alinipigia simu kwa msaada wa mama mdogo, akaniuliza habari za shule, na kila mara kabla ya kukata aliuliza, "Ukuta?" Nikasema, likizo ijayo, mama. Mwaka wa nne simu ikaja bila swali hilo. Nilishusha pumzi, nikafurahi kwamba amesahau. Mama mdogo ndiye aliyeniambia baadaye, kwa kunong'ona, kwamba dada yake sasa anapapasa kuta anapokwenda chooni, na kwamba asubuhi anauliza kama kumekucha.

Mama mdogo alifariki mwanzoni mwa mwaka huu, ghafla, akiwa anatoka shambani. Nilipofika Mugoma wanawake wa jumuiya walikuwa wameshaitwaa nyumba, kama ilivyo kwetu. Msibani sebule hutolewa kila kitu, makochi, meza, redio, mapazia, waombolezaji wapate kukaa chini kwenye mikeka, na mfiwa awe chini pamoja nao. Alipokufa baba tulifanya hivyo hivyo, ila kabati liliachwa mahali pake kwa sababu ya misumari. Safari hii wanaume walipolishika, upande wa nyuma ukabaki mikononi mwao. Mchwa walikuwa wameshalila, misumari inaning'inia kwenye unga. Wakalitoa nje vipande vipande, na vikombe vya mama vikaletwa kwenye karai.

Niliingia sebuleni nimejifunga khanga kiunoni, nimebeba mkeka. Nikasimama.

Palipokuwa na kabati palikuwa na buluu. Buluu nyepesi, safi, na miduara myeupe, na vidoa vya njano. Eneo la urefu wa mtu na upana wa kabati, katikati ya kahawia yote ile. Nilisogea. Ukingoni, mahali ambapo buluu ilikutana na kahawia, kulikuwa na mstari, na kwenye mstari huo matone yaliyoganda, ya dhahabu, yamechuruzika na kukauka. Nikayagusa kwa ukucha. Vanishi.

Nilielewa mara moja, na ningependa kusema kwamba nilielewa kwa uchungu, lakini kwanza nilielewa kama fundi. Baba alikuwa akirudi na mabaki ya vanishi ya mabenchi ya kanisa. Alipaka vanishi kila kitu, milango, stuli, mpini wa jembe, hata fremu ya picha ya Moyo Mtakatifu. Alimaliza ukuta wake, akasimamisha kabati, akapigilia misumari, kisha akaona miduara yake mizuri isije ikachubuka, akaipaka vanishi kuzunguka kabati. Vanishi ile ya zamani huwa njano ikikaa, kisha kahawia. Mimi mwenyewe huwaambia hivyo wanafunzi. Moshi wa koroboi ukanata juu yake, na vumbi letu jekundu, na sisi hatukuufuta kwa sababu ulikuwa mkono wa baba. Kahawia yangu yenye joto la nyumbani ilikuwa masizi na vanishi.

Kisha uchungu ukaja. Niliweka mkeka chini, nikakaa juu yake nikalia, na wanawake wa jumuiya wakanizunguka wakinipoza, wakisema mama mdogo alikuwa mtu mwema, amekwenda kupumzika. Niliwaacha waseme. Mama mdogo ataniwia radhi, naamini, lakini si yeye niliyekuwa namlilia dakika ile.

Mama alikuwa chumbani, amekaa sakafuni, uso umeelekezwa dirishani kwa mazoea tu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akapapasa uso wangu akakuta umelowa, akanipa pole. Nilitaka kungoja mazishi yapite. Sikuweza. Nikamwambia kabati limetolewa, na nyuma yake ukuta ni wa buluu, na kwamba alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyekosea. Nikaomba anisamehe.

Alifuta kwenye khanga vidole vyake vilivyolowa. Nje walikuwa wanafunga turubai.

"Miaka minne," akasema, "uliniambia ni macho yangu. Mwisho nikakuamini."

Hakusema zaidi, na sauti yake haikuwa na ukali. Ningevumilia ukali. Kumbe alipoacha kuuliza kwenye simu hakuwa amesahau. Alikuwa ameanza kuitilia shaka ile buluu, ile ndoo, ile mimba ya kaka yangu, kwa sababu mtoto wake mwenye mkono wa baba alimwambia hazikuwapo. Nilimnyang'anya ukuta huo kabla macho hayajamnyang'anya, na kosa hilo siwezi kulitupia presha ya macho.

Tulimzika mama mdogo. Siku ya tatu watu wakapungua, makochi yakarudishwa, kabati halikurudi kwa sababu halikuwapo tena. Niliomba ruhusa shuleni ya wiki moja zaidi. Nikaenda Ngara mjini, nikanunua buluu na nyeupe na njano, nikachanganya kwa kulinganisha na kile kipande cha nyuma ya kabati, asubuhi, mchana na alasiri, mpaka nikaridhika. Nilimuuliza mama kama bado anataka. Nilitegemea aniulize anapakiwa nani sasa. Alisema nifungue madirisha, harufu ya rangi inamtapisha.

Nikaifuta kwanza miraba yangu saba kwa msasa, vumbi la kahawia likanijaa puani. Kisha nikapaka buluu, mikono miwili, wa pili juu ya wa kwanza, nikaacha ikauke. Nikagonga miduara kwa tyubu na sponji, safu kwa safu kama matofali. Goti liliuma, bega liliuma. Mama alikaa kwenye kochi lake kila siku nilipofanya kazi, ameelekea ukuta ule, mikono mapajani. Hakuuliza nimefika wapi. Nilidhani anasikiliza sponji. Mara moja tu alisema kwamba baba yangu alikuwa akipiga mluzi, mimi nafanya kazi kimya mno, na mimi sijui kupiga mluzi.

Siku ya tano nilimaliza kidoa cha mwisho, pembeni kabisa mwa mlango. Nikashuka kwenye stuli. Sebule ilikuwa na ukuta mmoja wa kahawia wenye dirisha la buluu katikati, na ukuta mmoja wa buluu tupu, na baridi ile aliyoisema mama ilikuwa kweli imeingia ndani. Ilikuwa kazi nzuri. Naweza kusema hivyo, nimefanya nyingi mbaya.

"Mama, nimemaliza," nikamwambia. "Ni ile ile. Buluu ile ile ya baba."

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, kwa upole, kama mtu anayeomba maji: "Mwite jirani aje aone."

Nilitoka nikamwita jirani wa mpakani, mwanamke wa makamo aliyekuwa anaanika mihogo. Alivua ndala mlangoni, akamwamkia mama, akauliza wanataka nini. Mama akamwomba atazame pale palipokuwa na kabati, kisha atazame ukuta wa mkabala, na amwambie ukweli. Jirani akatazama huku, akatazama kule, akarudia tena, akisogea karibu kila upande na kuweka kiganja.

"Yote ni buruu, mama," akasema. "Zimefanana kabisa. Mwalimu hajakosea."

Mama akamshukuru. Akaegemea kochi, akaugeuzia uso ukuta wa pili, akabaki hivyo. Mimi nikachukua brashi na sponji, nikaenda nje kuziosha.